Mvua Isiyodai Msichana: Kuisoma Hadithi Fupi ya Kisayansi Kutoka Jaridani

Utangulizi

Katika kufundisha hadithi fupi, wengi wetu tumezoea kuanzia na kumalizia ndani ya diwani iliyoteuliwa. Mazoea haya yana sababu. Karatasi ya Tatu (102/3) haimtahini mwanafunzi katika hadithi ambayo haikuteuliwa, na muhula ni mfupi. Hata hivyo, yamezaa dhana moja potovu: kwamba sayansi na wakati ujao si mada za fasihi yetu, na kwamba hadithi za vyombo vya angani na mashine zenye akili ni mali ya watu wa mbali. Mwanafunzi wa Migori au Homa Bay akiambiwa abuni kisa cha mwaka 2100, ni rahisi kwake kumpeleka mhusika wake ng'ambo kabla hata ya aya ya kwanza kukamilika.

Makala haya yanadhamiria kuionyesha dhana hiyo kuwa na kasoro. Tutaichambua hadithi fupi moja ya kisayansi iliyochapishwa katika jarida la Marekani lakini ikazungumzia Kenya, kisha tuilinganishe na hadithi ya mwandishi wa Kenya inayotokea kando ya Ziwa Viktoria. Hadithi zote mbili zinamhusu msichana, na katika zote mbili mvua ina nafasi yake. Mwishoni tutapendekeza namna mwalimu anavyoweza kuzitumia darasani.

Bunilizi ya kisayansi ni nini?

Wanafunzi huchanganya bunilizi ya kisayansi na fantasia. Njia nyepesi ya kuwatenganishia ni kuanza na ngano wanayoijua. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la kreta liitwalo Simbi Nyaima. Masimulizi ya Waluo yanaeleza kwamba hapo palikuwa na kijiji. Bikizee mmoja alifika usiku, akanyimwa ukarimu, na kijiji kizima kikadidimia majini. Chanzo cha maangamizi katika ngano hii ni laana, na msikilizaji hadai maelezo zaidi. Mwandishi wa bunilizi ya kisayansi akikichukua kisa hicho hicho atalazimika kujibu swali jingine: ni jambo gani la kimaumbile au la kiufundi lililokizamisha kijiji, na waliosalia waliishije baada ya kulijua? Kwa hivyo fantasia hututaka tukubali, nayo bunilizi ya kisayansi hututaka tukubali jambo moja geni kisha tufuate matokeo yake kwa mantiki.

Kwa kipimo hiki, "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed, ambayo kwa miaka kadhaa ilibeba jina la diwani teule, si bunilizi ya kisayansi ingawa ina jitu lisilo la kawaida. Jitu lile ni istiara ya unyakuzi, na hatuulizi tumbo lake linafanyaje kazi.

Riwaya ya Kiswahili ilipiga hatua mapema katika kubuni dunia nyingine. Shaaban Robert katika Kusadikika (1951) aliijenga nchi iliyo angani, na Katama Mkangi katika Walenisi (1995) akampeleka Dzombo kwenye sayari yenye jamii ya haki, ambayo jina lake likitenganishwa lasomeka "wale ni sisi". Kwingineko duniani, hadithi za aina hii zilikuzwa na majarida. Amazing Stories lilianza Marekani mwaka 1926, na The Magazine of Fantasy & Science Fiction likafuata mwaka 1949. Barani Afrika, jarida la Omenana lilianza mwaka 2014, na mwaka 2015 kundi la Jalada lenye makao Nairobi likatoa toleo zima kuhusu mustakabali wa Mwafrika.

Kuna tofauti kati ya kusoma hadithi jaridani na kuisoma diwanini. Hadithi ya jaridani humfikia msomaji ikiwa peke yake, bila mwongozo wala dibaji ya mhariri inayomwambia dhamira ni ipi. Lazima mwandishi aijenge dunia ngeni katika kurasa chache, kwa madokezo, na lazima msomaji ayaokote madokezo hayo mwenyewe. Hilo ndilo zoezi ambalo mtahiniwa aliyezoea miongozo analihitaji zaidi.

Muhtasari wa hadithi

Hadithi tunayoihakiki ni "For I Have Touched the Sky" ya Mike Resnick (1942–2020), iliyochapishwa katika The Magazine of Fantasy & Science Fiction mwezi Desemba 1989. Ni mojawapo ya mfululizo ulioanza na "Kirinyaga" katika jarida hilo hilo mwezi Novemba 1988, na ambao ulikusanywa kuwa kitabu mwaka 1998.

Hadithi inatokea katika karne ya 22. Kundi la Wakikuyu limehamia kwenye kijisayari kilichotengenezwa kifanane na nchi yao kabla ya wakoloni kufika. Kiongozi wao wa kiroho, Koriba, ni mganga na mhifadhi wa mila. Ameahidi kwamba hapo hakuna cha Mzungu kitakachoingia. Msichana mdogo aitwaye Kamari anamletea kozi aliyevunjika bawa na kumwomba amtibu. Koriba anamwonya kwamba ndege aliyekwisha kuigusa mbingu hawezi kuridhika kuishi chini. Ndege anakufa. Kamari anaanza kumfanyia Koriba kazi za nyumbani, na humo anaviona vitabu na tarakilishi. Anajifunza kusoma. Koriba anapogundua, anampiga marufuku, kwa kuwa mila, kama anavyoieleza yeye, haimruhusu mwanamke kusoma. Anaiamuru tarakilishi isiwasiliane naye kwa lugha yoyote inayojulikana. Kamari anabuni lugha mpya na kuendelea kuzungumza na mashine kwa lugha hiyo. Koriba anaufunga mlango huo pia. Kamari anajiua, na maneno aliyoyaacha kwenye tarakilishi, katika lugha yake mwenyewe, yanabaki yakimsumbua Koriba.

Msimulizi na kinaya

Jambo la kwanza la kumwelekeza mwanafunzi ni nafsi inayosimulia. Koriba ndiye msimulizi, katika nafsi ya kwanza. Kila tunachokijua kumhusu Kamari tumekipata kwa mtu aliyemzuia. Mwanafunzi asiyelitambua hili atajibu kwamba "mwandishi anaunga mkono mila za kuwanyima wanawake elimu". Jibu hilo halina mashiko. Msimulizi na mwandishi si mtu mmoja, na hapa mwandishi amempanga msimulizi wake ili tumtilie shaka.

Shaka hiyo inajengwa kwa kinaya. Koriba anayepinga kila cha Mzungu amesoma katika vyuo vikuu vya Uingereza na Marekani. Yeye anayemwonya Kamari dhidi ya maandishi ana maktaba. Yeye anayewaambia watu kwamba Ngai ndiye aletaye mvua ndiye mwenye tarakilishi pekee kijijini, na katika mfululizo huu huitumia kuiomba Maintenance, ofisi inayokisimamia kijisayari, irekebishe obiti ili mvua inyeshe. Mila anazozihifadhi zimesimama juu ya mashine, na ufunguo wa mashine anao yeye peke yake.

Hapa ndipo hadithi inapokuwa ya kisayansi kwa maana kamili. Tukiiondoa tarakilishi, mgogoro mzima unaanguka. Swali lake kuu ni nani anayemiliki maarifa, na ana haki gani ya kuwafungia wengine huku yeye akiyatumia. Swali hili halihitaji chombo cha angani ili limguse msomaji. Laweza kuulizwa katika kijiji chochote chenye simu moja, kitabu kimoja au ufunguo mmoja wa maktaba.

Jazanda ya kozi

Wahakiki wanafunzi watavutwa mara moja na jazanda ya ndege. Kozi ni Kamari, mbingu ni elimu, na bawa lililovunjika ni hali ya msichana katika jamii hiyo. Tafsiri hii ni sahihi lakini haitoshi. Ni muhimu kuuliza jazanda hii ni ya nani. Ni ya Koriba. Yeye ndiye anayeitoa kama fumbo la kumfunza mtoto, na yeye ndiye anayeirejelea baadaye kueleza kwa nini Kamari hawezi kuokolewa.

Tukiipima kwa makini tutaona kwamba fumbo lake limepinda. Bawa la kozi lilivunjika kwa ajali, na hakuna aliyelipendelea livunjike. Bawa la Kamari limevunjwa na amri, na aliyeitoa amri hiyo anaweza kuifuta jioni ile ile. Koriba anaufananisha uamuzi wake na maumbile, kisha anaomboleza kana kwamba naye ni mtazamaji tu. Mbinu hii si ngeni kwetu. Mara ngapi tumesikia "ndivyo dunia ilivyo" kutoka kwa mtu aliyeifanya iwe hivyo? Mtahiniwa atakayeonyesha kwamba jazanda yaweza kuwa chombo cha mhusika kujitetea atakuwa amevuka kiwango cha kuorodhesha tamathali.

Lugha kama njia ya kutorokea

Kipengele kinachopaswa kumvutia zaidi mwalimu wa Kiswahili ni lugha anayoibuni Kamari. Amri ya Koriba ilizitaja lugha zinazojulikana. Kamari akatafuta mwanya uliobaki, yaani lugha isiyojulikana. Hapo mtoto aliyenyimwa herufi anakuwa mtunzi wa lugha nzima, na mashine iliyofungwa kinywa inakuwa msikilizaji wake wa pekee.

Pamoja na ushindi huo kuna msiba. Lugha yenye mzungumzaji mmoja haina jamii. Kamari anaweza kusema lolote, lakini hakuna binadamu wa kumwelewa. Maneno yake ya mwisho yanamfikia Koriba yakiwa fumbo, na mtu pekee anayejitahidi kuyafasiri ni yule aliyemnyamazisha. Kwa hivyo dhamira haikomei kwenye haki ya kusoma. Inagusa pia haki ya kusomwa, yaani kuwa na wenzako watakaokuelewa unapoandika.

Ulinganisho na hadithi ya Grace Ogot

Mwaka 1963 jarida la Black Orpheus la Nigeria lilichapisha hadithi ya Grace Ogot iitwayo "The Year of Sacrifice", ambayo baadaye ilijulikana kama "The Rain Came" katika mkusanyiko wake Land Without Thunder (1968). Hii nayo ilikuwa hadithi fupi ya jaridani. Inatokea miongoni mwa Waluo, kando ya ziwa. Ukame umeikumba nchi ya chifu Labong'o. Mganga Ndithi anatangaza kwamba mvua haitanyesha hadi Oganda, binti wa pekee wa chifu, atolewe kafara kwa zimwi la ziwani. Jamii inafurahi, kwa kuwa imepata jawabu. Oganda anatembea peke yake kuelekea ziwani, lakini mpenzi wake Osinda anamfikia njiani na kutoroka naye. Ndipo mvua inaponyesha.

Tuziweke hadithi hizi sambamba. Katika ya Ogot, jamii inaamini mvua inadai uhai wa msichana. Msichana hafi, na mvua inanyesha. Katika ya Resnick, msomaji wa mfululizo anajua mvua huletwa kwa kurekebisha obiti, jambo lisilohitaji kafara yoyote. Hata hivyo msichana anakufa. Hadithi ya kimila inamwokoa Oganda, ilhali hadithi ya kisayansi haimwokoi Kamari. Zote mbili zinafikia hukumu moja kwa njia zinazopingana: mvua haikumhitaji msichana. Aliyemhitaji ni mwenye mamlaka, ili neno lake libaki neno.

Ulinganisho huu unaturekebishia dhana nyingine, kwamba sayansi peke yake inaikomboa jamii. Kijisayari cha Koriba kina teknolojia ambayo Labong'o hakuiota, na bado ni kigumu zaidi kwa mtoto wa kike. Chombo kinabadilika kuliko anayekishika.

Kasoro za hadithi

Uhakiki wa haki hauna budi kuzitaja kasoro. Kubwa kuliko zote ni ya kihistoria. Hadithi inamruhusu Koriba kuyachukulia maandishi kuwa sumu ya kigeni kwa Wakikuyu, na haimpi msomaji wa Marekani habari yoyote ya kulipinga wazo hilo kwa historia. Ukweli ni kinyume. Katika miaka ya 1930 Wakikuyu walianzisha shule huru walizozijenga na kuzigharimia wenyewe, kwa kuwa walitaka elimu bila kutawaliwa na wamishenari. Mwaka 1939 chuo cha ualimu cha Githunguri kilifunguliwa chini ya Mbiyu Koinange, na serikali ya kikoloni ikakifunga mwaka 1952 hali ya hatari ilipotangazwa. Jina la chifu katika hadithi za Resnick ni Koinnage. Msomaji Mkenya hawezi kulisikia bila kukumbuka ukoo uliohusishwa na kujenga chuo. Kisichokuwepo katika kijisayari kile ni historia hiyo ya watu waliodai kusoma.

Kasoro ya pili ni kwamba Kamari yu peke yake mno. Hana rafiki, shangazi wala nyanya anayemwelewa. Jamii zetu hazikuwa hivyo. Mwanafunzi alinganishe na Sara katika "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassani, mwanafunzi aliyebakwa na kupata mimba, anayeihofia hukumu ya jamaa, shule na jamii. Hofu ya Sara imezungukwa na watu wengi, na kwa hiyo ni ya kweli zaidi kuliko upweke wa Kamari.

Kasoro hizi hazituzuii kuisoma hadithi. Zinatupa sababu ya kuisoma tukiwa na kalamu mkononi. Jarida la mbali lilipoamua Kenya ya karne ya 22 itakuwaje, hatukuwepo mezani. Suluhisho ni kuandika zetu.

Hadithi hii na darasa letu

Kwa nini imhusu mwanafunzi wa Migori na Homa Bay? Kwanza, swali la msichana na masomo si la kijisayari. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Homa Bay na Migori zilikuwa na asilimia 23 kila moja. Kila tarakimu hapo ni binti ambaye masomo yake yalitiwa hatarini, na amri iliyovunja bawa lake si ya mila peke yake.

Pili, sayansi i mlangoni. Rasi ya Homa ina eneo la Nyayanga, ambako watafiti walitangaza mwaka 2023 zana za mawe za takriban miaka milioni 2.6 hadi 3, miongoni mwa kongwe zaidi zinazojulikana duniani. Kituo cha icipe cha Mbita kilishiriki kubuni kilimo cha sukuma-vuta, ambapo mmea wa desmodiamu hupandwa kati ya mahindi ili kuwafukuza funza wa mabua na kuidhibiti kayongo, na nyasi za napia hupandwa pembeni kuwavuta funza hao. Katika kisiwa cha Rusinga, kati ya mwaka 2012 na 2015, mitego iliyoendeshwa kwa umeme wa jua iliwanasa mbu kwa harufu iliyotengenezwa kuiga ya binadamu. Mwezi Septemba 2019 chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya katika kaunti ya Homa Bay. Nyumba inayomdanganya mbu kwamba harufu ile ni mtu! Mwanafunzi akiisoma habari hiyo jaridani angedhani imebuniwa.

Tunapendekeza hatua zifuatazo:

(a) Mwalimu aisimulie hadithi kwa Kiswahili katika kipindi kimoja, asitishe pale Koriba anapotoa amri ya lugha, na awaulize wanafunzi Kamari afanye nini.

(b) Wanafunzi waorodheshe madokezo yanayoonyesha kwamba mahali pale si duniani, na waeleze kila dokezo limewekwa kinywani mwa nani.

(c) Kisa kisimuliwe upya kwa nafsi ya Kamari. Zoezi hili hufunza usimulizi kuliko fasili yoyote.

(d) Kila mwanafunzi aandike hadithi ya kurasa mbili inayotokea mtaani kwake miaka hamsini ijayo, akibadilisha jambo moja tu la kisayansi na kuyafuata matokeo yake. Hadithi bora zikusanywe ziwe jarida la shule.

Tahadhari ni muhimu. Kifo cha Kamari kisitukuzwe kuwa ushujaa wala kielelezo cha ukombozi. Mwalimu akijadili kama kushindwa kwa watu wazima waliomzunguka, na amfuatilie kwa upole mwanafunzi yeyote anayeonekana kuguswa kupita kiasi.

Hitimisho

Hadithi fupi ya kisayansi ina manufaa kwa mwalimu wa fasihi kwa sababu inamlazimisha msomaji kutenganisha msimulizi na mwandishi, jazanda na ukweli, desturi na amri. Mtahiniwa aliyezoezwa hivyo ataingia katika diwani yoyote itakayoteuliwa akiwa na macho yake mwenyewe. Zaidi ya mtihani, atajua kwamba wakati ujao waweza kuandikwa kwa Kiswahili, ukitokea Muhuru au Mbita, na kwamba hakuna mvua inayomdai msichana afe ili inyeshe.

Maswali ya marudio

1. "Koriba ni mhifadhi wa mila anayetegemea mashine." Thibitisha ukirejelea hadithi. (alama 10)

2. Eleza jinsi jazanda ya kozi inavyomfaa na inavyomponza msimulizi. (alama 8)

3. Linganisha nafasi ya mvua katika hadithi ya Resnick na ya Ogot. (alama 12)

4. Fafanua tofauti kati ya ngano ya Simbi Nyaima na bunilizi ya kisayansi, kisha ubuni mwanzo wa hadithi ya kisayansi kutokana na ngano hiyo. (alama 20)